Vidole vya Dobi

Dobi alijua mambo ya watu kabla wenyewe hawajayasema. Mteja akianza kuleta shuka za kitanda kidogo badala ya za kile kikubwa, Dobi alijua ndoa imeingia mchanga. Mwingine akiacha kuleta mashati ya kazini, basi kibarua kimeota nyasi. Lakini hakuwa mmbeya. Alifua, akapiga pasi, akakabidhi. Labda ndiyo sababu hakuwa na rafiki hata mmoja. Nani atake kunywa chai na mtu anayeijua mifuko yake?

Alilala katika chumba kimoja nyuma ya kibanda chake cha kufulia. Mkewe alifariki binti yao angali mdogo, naye akamlea yule mtoto katikati ya mabeseni na kamba za kuanikia. Mtoto akakua, akasoma, akapata kazi ya kuhudumia wazee nje ya nchi, akaondoka. Tangu hapo Dobi alibaki na simu ya Jumapili.

"Umekula, baba?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Kisha wakawa wanasikilizana wakipumua, mpaka mmoja akumbuke ana kazi.

Siku binti aliposema, "Baba, viza imekubaliwa, njoo tuishi wote," Dobi alikaa juu ya kapu la nguo chafu akalia bila aibu. Akauza pasi, meza, mabeseni, mpaka kamba. Chumba kikapata mpangaji mwingine kabla hata hajatoa godoro lake. Hapakuwa tena na kurudi nyuma. Ama avuke kule, ama awe mtu asiye na pa kuweka kichwa.

Na huko kuvuka ndiko kulikomkosesha usingizi. Siku ya kuomba viza, mashine ya alama za vidole ilikuwa imemkataa. Sabuni, dawa za madoa na maji ya moto ya maisha yake yote vilikuwa vimesugua vidole vyake vikawa laini kama sahani. Ilibidi karani amfute, ambonyeze, amgeuze huku na huku, ndipo mashine ikakubali kwa shingo upande.

"Mzee," karani alimwambia, "kule uwanja wa ndege watavipima tena. Visipofanana na hivi watakurudisha. Acha kufua mwezi mzima, jipake mafuta, alama zitarudi."

Mwezi mzima! Heri angeambiwa aache kula. Dobi alikaa mlangoni mikono imelowa mafuta, akiwatazama wateja wake wakipita na mafurushi kwenda kwa dobi wa ng'ambo ya barabara. Wachache walimsalimia. Wengi walipita tu, maana salamu zao za miaka yote zilikuwa za nguo, hazikuwa zake. Asubuhi alivipeleka vidole dirishani kwenye mwanga, akaona vimistari vyembamba vinaanza kuchomoza, akafurahi peke yake kwa sababu hapakuwa na wa kumwonyesha.

Balaa likawa shati la safari. Kwa kuwa mikono ilikuwa mapumzikoni, alimeza kiburi akalipeleka kwa yule yule mpinzani wake. Akalichukua siku moja kabla ya kuondoka. Alilikunjua pale pale, akageuza kola, akaguna.

"Hii ndiyo nini?"

"Nini tena, mzee mwenzangu?"

"Kola ina njano."

"Njano gani? Hiyo si rangi yake?"

"Shati langu mwenyewe, unanifundisha rangi yake?"

"Basi kafue mwenyewe!"

Waswahili wamesema mganga hajigangi, lakini Dobi siku ile hakutaka kusikia la Waswahili. Mtu mwenye akili timamu angelivaa hivyo hivyo. Nani kule angemkagua shingo? Ila kumwambia dobi apande ndege na kola ya njano ni sawa na kumwambia apande uchi. Akaazima beseni kwa mama mwenye nyumba, akamimina dawa kali ya kung'arishia, akasugua. Shati likawa jeupe mpaka likaumiza macho. Alipomaliza kulianika ndipo akakumbuka kutazama vidole. Vilikuwa sahani tena. Akavimwagia mafuta yote yaliyobaki, akavifunga kwa kitambaa, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Ndani ya ndege alikaa na viganja vimetazama juu mapajani, visiguse kitu. Abiria wa pembeni alidhani ni mcha Mungu yuko katika maombi, akawa anapita kwa kunyata. Hakukosea sana.

Akapanga foleni ya uhamiaji. Alipofika kwenye kidirisha akaweka mkono wa kulia kwenye kioo. Taa nyekundu. Wa kushoto, nyekundu. Afisa akampa karatasi laini ajifute, akajaribu tena, ikawaka nyekundu ile ile. Akamwita mwenzake, wakamchukua Dobi hadi chumba cha pembeni kisicho na dirisha, chenye viti vilivyofungwa sakafuni. Watu walioingia baada yake waliitwa, wakatoka. Yeye akabaki na shati lake jeupe.

Baadaye afisa mmoja akaja, akaweka simu mezani, na sauti ya mwanamke ikatoka humo.

"Habari yako. Mimi ni mkalimani."

Kiswahili! Dobi nusura aikumbatie simu. "Nzuri, mwanangu, nzuri sana! Umenirudishia uhai. Kwenu wapi, mama?"

"Tafadhali, baba, jibu maswali ya afisa tu. Mengine siruhusiwi."

"Sawa, mama."

Akajisikia mpweke kuliko alipokuwa haelewi hata neno.

"Anauliza, umekuja kwa nani?"

"Kwa binti yangu. Yupo hapo nje ananingoja."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake. Ndiyo maana nimekuja."

Afisa akatoka. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika. Akazungumza kwa muda, na mkalimani akatafsiri.

"Baba, afisa amezungumza na binti yako huko nje. Anaishi na mume wake, na mtoto wao wa miaka minne. Anauliza, kwa nini umedanganya?"

Dobi aliitazama simu. Zile Jumapili zote. Kuna siku alisikia mtoto akicheka upande wa pili, akauliza ni nani huyo, akajibiwa, "Ni televisheni, baba." Angeweza kusema amesahau, uzee umemwingia. Angeweza kusema hakulielewa swali. Lolote lingekuwa na heshima kuliko ukweli wenyewe.

"Baba, anasubiri."

"Mwambie sikudanganya. Mwambie sikuambiwa."

"Hukuambiwa?" Mkalimani aliuliza hilo kwa niaba yake mwenyewe.

"Sikuambiwa, mama. Mwambie hivyo hivyo."

Akatafsiri kwa sauti ya chini. Afisa akamkazia macho Dobi, akasema maneno machache.

"Anasema wanaokuja kwa uongo hukariri kila kitu, mpaka jina la paka. Wewe hujui lolote. Kwa hiyo anakuamini, hata bila vidole. Na mimi nakupa pole, baba."

Simu ikakatika, muhuri ukagongwa.

Nje ya milango, binti alisimama na mwanamume aliyeinamisha kichwa. Binti alikuwa amenenepa kidogo, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nilitaka kukwambia ukishafika. Kwenye simu nilishindwa."

"Nimeshaambiwa," Dobi akasema.

Mtoto, aliyejificha nyuma ya sketi ya mama yake, akachungulia, akamnyooshea Dobi kidole, akauliza jambo kwa lugha ya kule. Mama yake akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, harakaharaka, bila kumtazama baba yake. Dobi akangoja atafsiriwe. Wote wanne wakaanza kutembea kuelekea kwenye gari, naye bado anangoja.