Miraba ya Daktari

Kwa miaka kumi na tisa Mama Mitego aliwajulia hali panya kabla ya kumjulia hali mumewe, na mumewe alishazoea. Kazi yake ilikuwa kutega visanduku vya bati katika msitu wa kituo cha utafiti, na kila asubuhi kumpima aliyenasa na kumwachia aende zake. Wengi walinasa bondeni, penye magogo yaliyooza na unyevu usiokauka. Gogo lenye wenyewe na gogo tupu aliyatofautisha kwa kuyakanyaga tu.

Kisha akaja Daktari, mtaalamu wa ramani. Akaugawa msitu katika miraba ya kilomita moja kila upande, akaiuliza kompyuta upi unawafaa panya. Mraba wenye bonde ulibeba pia machimbo ya kokoto, uwanja wa mpira na paa la kituo chenyewe. Kompyuta ikachanganya yote, ikaupaka mraba huo rangi nyeupe: hapo panya haishi. Wakubwa wakaona weupe kwenye ramani, wakaamua bonde lifyekwe, lijengwe ghala.

Habari zikamfikia Mama Mitego. Siku ya tatu akaingia ofisini na mfuko wa kitambaa, akauweka mezani.

"Daktari, huyu katoka bondeni leo."

"Huenda amepotea njia, mama."

"Kapotea mara mia nne? Madaftari yangu haya hapa. Wewe umemimina mboga za mtaa mzima kwenye sufuria moja, halafu unasema kwangu hakuna chumvi! Panya hana habari na kilomita. Ana gogo lake na hatua kumi na tano za kutembea. Punguza hiyo miraba, mwanangu."

Panya, ambaye kitaalamu hakuwepo, akatoboa mfuko akapotelea nyuma ya kabati.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikesha na hesabu, akakata miraba ya mita ishirini, na bonde likatokea kijani kibichi. Wakubwa wakampongeza kwa ugunduzi wake. Ghala likahamishiwa kwingine. Mama Mitego hakutajwa popote, wala hakujali. Aliimba jikoni mpaka mumewe akauliza kulikoni.

Jumatatu akakuta bonde limezungushiwa uzio. Getini alisimama mlinzi mpya, mdogo wake mumewe.

"Shemeji, fungua nipite."

"Haruhusiwi mtu, shemeji. Panya wasisumbuliwe."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe. Wanasema hakuna anayeyakanyaga magogo kama wewe."

"Na nani atawahesabu?"

"Daktari kasema ramani sasa inawajua vizuri. Mitego basi."

Mama Mitego akatua visanduku chini. Ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwa kuwa hakuwa na wa kumlaumu. Akauliza kama anaweza walau kusimama hapo uzioni, aangalie.

Shemeji akatoa karatasi ya amri mfukoni, akaisoma polepole mpaka chini. Akasema inaruhusiwa, ilimradi asiegemee.