Nilivyoionea Wivu Karatasi ya Kipimo

Wiki iliyopita tulimzika mama mmoja mshonaji wa Bonga, aliyekufa kwa homa ya mapafu. Nilikwenda kumzika mtu ambaye kwa miaka miwili nilimwonea wivu. Si wa mali wala wa uzuri, msomaji wangu. Wivu wangu ulikuwa juu ya kipimo chake cha damu.

Tulifahamiana kliniki hapa Babati, sote tukiwa na ugonjwa wa wasiwasi, ule unaokuamsha na hofu isiyo na sababu kila siku ya Mungu. Tukapimwa kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga ukibanwa na msongo. Yake ikatoka juu, yangu ya kawaida. Daktari alisema wazi kwamba wagonjwa hawalingani: wengine huwa juu, wengine chini, wengine kama mtu yeyote, na wote wanaumwa. Lakini nyumbani nani alitaka maelezo? Kwake, mume aliyezoea kumwita mvivu alianza kumtekea maji. Kwangu, mke wangu aliisoma karatasi akacheka. "Si umeona, Baba watoto? Wewe mzima. Twende shambani Sigino tukapalilie." Basi nikamchukia yule mama. Akinisalimia sokoni, najifanya nachagua vitunguu.

Msibani mumewe aliniita pembeni. Alikuwa amekuta karatasi nyingine kwenye droo ya cherehani, ya kipimo ambacho marehemu alikirudia mwaka jana. Kotisoli ya kawaida. Mama wa watu aliificha, asije akanyimwa tena ndoo ya maji.

"Ndugu yangu, wewe ulikuwa unatibiwa naye," alisema. "Niambie ukweli. Kumbe alishapona, akawa anatuigizia?"

Nakiri, neno langu moja la kukubali lingemshusha marehemu hadi nilipokaa mimi, kwa wasioaminiwa, na wivu ulilitamani neno hilo.

"Hakupona," nikasema. "Kotisoli yangu imekuwa ya kawaida tangu mwanzo, na leo asubuhi nimetapika kwa hofu kabla ya kuja hapa."

Aliikunja ile karatasi, akalia. Akamwamini mkewe.

Hata hapo nilimwonea wivu marehemu, maana yeye aliaminiwa. Tumezoea kuiamini mashine kuliko mtu tunayekula naye sahani moja, kumbe mgonjwa huulizwa angali anaweza kujibu. Mke wangu huisoma safu yangu hii gazetini kila wiki. Namsubiri aniulize.