Siyo Mbaya

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha basi la shule, Ardis Kvamme alikuwa akipita kituo cha mafuta kunywa kahawa. Merle, mwenye kituo, angemwuliza hali, naye angejibu, "Siyo mbaya." Hapa kwetu Minnesota hilo ndilo jibu. Merle mwenyewe alipokatwa kidole na mashine ya kuondolea theluji alijibu vivyo hivyo, kidole kiko kwenye kikombe cha barafu.

Oktoba moja Ardis akachomwa chanjo ya mafua, kama kila mwaka. Wiki ya pili miguu ikaingia ganzi, ikafuata mikono, na mara yuko kitandani hospitali, kijiko hakiinuki. Madaktari wakasema kinga ya mwili wake imegeukia mishipa yake ya fahamu. Ni wachache mno wanaopatwa na hayo baada ya chanjo. Ardis hakumlaumu mtu.

"Yaani mimi, nisiyewahi kushinda hata bahati nasibu ya kanisa!" alimwambia mumewe, Lowell.

Miguu ilirudi polepole, lakini haikuzisikia pedali vizuri, basi likapewa dereva mwingine. Serikali ina mfuko wa kuwafidia watu kama yeye, ila lazima ithibitike kwamba maradhi yalidumu zaidi ya miezi sita. Wakili wake, Renata Castellano, binti wa mjini, aliposoma kumbukumbu za hospitali alishika kichwa.

"Mama, Machi ulimwambia nini daktari?"

"Siyo mbaya."

"Na Mei?"

"Siyo mbaya hata kidogo."

"Ulikuwa unatembea?"

"Nikishika ukuta."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hakuniuliza habari za ukuta, mwanangu."

Siku ya kesi jaji alianza kwa upole. "Hali yako, mama?"

"Siyo mbaya, mheshimiwa. Na wewe?"

Renata akafumba macho. Wakili wa serikali, kijana mwenye adabu zake, akainuka.

"Kwa hiyo kufika Mei ulikuwa umeshapona."

"Sikusema hivyo."

"Basi ulikuwaje?"

Ardis akamgeukia Lowell, aliyekaa nyuma. Kueleza shida zake mbele ya wageni, kwake, ilikuwa sawa na kuvua nguo kanisani. Lakini asiposema, kila kitu kimekwenda.

"Lowell ndiye aliyekuwa ananifunga vifungo," alisema, masikio yamemwiva. "Vyote. Hata sidiria. Na vidole vyake vile kama soseji, tulichelewa ibada kila Jumapili mpaka Julai."

"Siyo kila Jumapili," Lowell akanung'unika.

"Lowell, nyamaza, mwenzio nimekula kiapo."

Jaji akashindwa kujizuia, akacheka. "Mpaka Julai, mama?"

"Mpaka Julai. Na nilikuwa nalia bafuni, nimefungulia maji asisikie."

Lowell akaacha kutabasamu. Alikuwa hajui.

Jaji akasema imetosha, miezi sita imevukwa, fidia atapata. Kilichobaki ni kiasi gani, na kwa hilo angependa mama aendelee kueleza hiyo Juni ilikuwaje.

"Aa, hapana, baba. Hayo mmalizane na Renata."

Akachukua koti. Akampa mkono kila mtu mmoja mmoja, hata yule wakili wa serikali, akamwambia Lowell abaki awasikilize, akatoka. Baada ya mapumziko ya chakula walimngoja kidogo, jaji akichungulia mlangoni. Hakurudi.