Mshale Uliotazama Ziwani

Kampuni yetu ya kuchimba visima ilipoletewa vifaa viwili vya GPS kwa majaribio, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua kimoja. Cheo changu kwenye mkataba kilikuwa mwonyesha njia. Kwa hiyo nilikuwa nachagua kitu kilichotengenezwa kufanya kazi yangu, na mhandisi hakunificha hilo.

Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi, mtu wa Kagera, mkweli kupita kiasi. Ofisi yake ilikuwa Ilemela, karibu na uwanja wa ndege, na kila ndege iliporuka tulilazimika kunyamaza na kungoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Vimekuja viwili, tunanunua kimoja. Wewe unazijua barabara kuliko mtu yeyote hapa. Wewe ndiye utakayejua kipi kinasema kweli."

"Na kikisema kweli?"

Aliweka kalamu chini. "Kikisema kweli, gari litakuwa na dereva na kifaa. Sitaki kukudanganya, mzee. Wakubwa wameshaniuliza kwa nini pikapu moja ina watu wawili mbele."

Nilishapunguzwa kazini mara moja. Kwa miaka mingi nilikuwa mpangaji wa safari za malori ya ushirika, yale yaliyokusanya pamba vijijini. Wanunuzi binafsi walipoingia na magari yao wenyewe, ushirika ukasinyaa, na sisi tukaambiwa asante. Nilitoka na madaftari manne. Ndani yake niliandika njia zote za malori: umbali kutoka kituo hadi kituo kwa kusoma mita ya gari, kalavati lililovunjika, mahali pa kukata kona, mbuga ya udongo mweusi inayomeza lori likiwa tupu. Shule niliishia darasa la saba. Kusoma ramani nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha mtumba kisicho na jalada, nikapima latitudo na longitudo kwa rula ya mwanangu. Kampuni ya visima iliniajiri kwa sababu ya madaftari yale. Sikuwa na kitu kingine cha kuuza.

Kifaa cha kwanza kilikuwa kidogo, cha kushika mkononi, kinachotumia betri nne za tochi. Cha pili kilikuwa kikubwa zaidi, chenye waya wa kuchomeka pale pa kuwashia sigara, na antena ya sumaku ya kubandika juu ya paa la gari. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na ramani ndani. Ulikipa alama ya mahali unapokwenda, nacho kilikuonyesha mshale na umbali wa mstari ulionyooka. Mengine ulijua mwenyewe.

Nilipanga jaribio la siku tatu. Alama za kifaa kidogo niliziweka wiki iliyotangulia, kwa kufika mahali penyewe: nilisimama Sengerema, nikabonyeza, kikahifadhi. Alama za kifaa kikubwa nilitaka kuzichukua kwenye karatasi, ili nijue kama kinaweza kumfikisha mtu mahali asipowahi kufika. Jioni moja nilikaa mezani na ramani ya zamani ya mkoa, nikaandika namba kwenye daftari, kisha nikaziingiza moja moja kwa kidole. Alama kumi na mbili. Nilizihakiki mara mbili namba zote.

Tuliondoka asubuhi. Dereva wetu alikuwa Mhaya wa Muleba, rika langu, mnene, asiyeweza kuendesha kimya. Mimi aliniita Mwalimu kwa sababu ya madaftari, nami nilimwita Profesa kwa sababu ya kwao, ambako alidai kila mtu ni msomi. Kigongo tulikuta foleni ya kivuko, tukasimama ukingoni, maji yakiwa mbele yetu na Busisi ng'ambo. Niliweka vifaa vyote viwili juu ya dashibodi.

"Haya, Mwalimu, wanao wanasemaje?"

"Huyu mdogo anasema Sengerema iko mbele, kilomita kama thelathini."

"Sawa. Na mkubwa?"

Nilikisoma mara mbili kabla ya kujibu. "Mkubwa anasema karibu mia sita."

"Upande gani?"

Nilimgeuzia kioo. Mshale ulikuwa umetazama kaskazini, juu ya ziwa, ukipita kando ya Mwanza na kuendelea.

Profesa alicheka mpaka muuza karanga akaja dirishani akidhani anaitwa. "Huko ni Uganda! Labda Sengerema imehama, sisi hatukuambiwa. Sasa nikifika ukingoni nisimame, au niingie tu majini? Maana mashine imeshasema."

"Wewe ngoja kivuko, Profesa."

"Nangoja. Lakini andika humo daftarini kwamba dereva alikataa kuzama."

Nilicheka pamoja naye. Sitaandika hapa kwamba nilishangaa tu. Nilifurahi. Nilihisi kifua kikifunguka kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba si ugonjwa ule aliouogopa.

Tulikwenda mpaka Biharamulo na kurudi. Kifaa kikubwa kilidaka setilaiti upesi na hakikuzipoteza hata msituni, lakini kwa kila alama mshale wake ulitazama kaskazini, siku zote tatu. Kidogo kilielekeza sawa, ila kilichukua robo saa kuamka, kilipoteza setilaiti kila tulipopita chini ya miti, na kilimaliza betri kabla hatujafika Geita. Kwenye ripoti niliyaita hayo dosari ndogo. Mashine inayosinzia chini ya miti inahitaji mtu pembeni yake, nami niliujua vizuri uzito wa sentensi ile nilipoiandika. Kuhusu kikubwa niliandika kwamba hakifai kwa mazingira yetu.

Mhandisi alisoma, akakunja uso. "Ajabu. Wauzaji walisema ndicho bora."

"Wauzaji wako Dar es Salaam," nikasema.

"Ni kweli." Akasaini. "Jumatatu kinarudi kwao kwa ndege."

Nilikichukua nyumbani ili nifute alama zangu. Sipendi kurudisha kitu cha watu kikiwa na maandishi yangu ndani.

Jumapili baada ya kanisa nilibeba ile betri kuukuu ya gari tuliyotumia kwa redio, nikaipandisha juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba yetu Mkolani, nikaunganisha waya na kubandika antena juu ya sufuria lililogeuzwa. Kabla ya kufuta, nilitaka kujua kifaa hiki kibovu kinadhani nyumba yangu iko wapi. Nilitegemea kiseme Uganda. Nilibonyeza kuhifadhi mahali nilipokaa, nikapaita NYUMBA, kwa kuwa jina halikuruhusiwa kuzidi herufi sita.

Namba zilikuwa sahihi. Nililinganisha na ramani na hazikuwa na kosa. Basi nikafungua alama ya Sengerema ili niifute, na hapo nikaona. Kwenye NYUMBA, kabla ya latitudo, palikuwa na S, yaani kusini. Kwenye Sengerema palikuwa na N, kaskazini. Nikafungua ya Geita. N. Ya Biharamulo, N. Zote kumi na mbili.

Kifaa kilitoka kiwandani kikiwa kimewekwa kaskazini, kwa kuwa waliokitengeneza wenyewe wanaishi kaskazini mwa ikweta. Mimi nilihakiki namba mara mbili na sikuigusa herufi, kwa sababu hata kwenye daftari langu haikuwapo. Miaka yote ile niliandika digrii mbili na dakika kadhaa, basi. Kila mahali nilipowahi kwenda maishani palikuwa kusini mwa ikweta. Sikuwahi kuona haja ya kuandika.

Nilibadili herufi ya Sengerema. Mshale ukageuka taratibu kutoka ziwani, ukapita juu ya bati za majirani, ukatulia magharibi. Kilomita thelathini na kitu.

"Baba watoto," mke wangu aliita kutoka chini, "umekaa juu ya jiwe kama mjusi. Chakula kinapoa."

"Nakuja."

Sikwenda. Alipanda mwenyewe, ameshika upande wa kanga. "Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Sasa mbona uso huo?"

"Nimeiandikia ripoti kwamba imeharibika."

Alikitazama kifaa, akanitazama mimi. Alijua habari yote; nilimweleza siku ile ya kwanza. "Na ukinyamaza?"

"Kesho kinarudi Dar. Mimi nabaki na kile kidogo."

"Na ukisema?"

"Wananunua hiki. Mimi sijui."

Alijipangusa vumbi. "Mimi sikuambii kitu. Usije ukawaambia watu baadaye, mke wangu ndiye aliyenituma."

Nilikula bila kujua nakula nini. Nikatoka, nikatembea mpaka barabara kuu, nikarudi, nikaenda tena. Nilijitetea njiani kama wakili. Ningeweza kusema kwamba jaribio lilifanyika, matokeo yalionekana na shahidi yupo. Ningeweza kusema pia kwamba kifaa kinachomruhusu mtu makini kukosea hivyo kina kasoro. Hili la pili lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilinisumbua zaidi. Kilichonikera hasa ni hesabu nyingine. Mshale ule ulipotazama ziwani pale Kigongo, mtu anayejua latitudo angeuliza swali moja tu, namba hii imetoka wapi, naye angepata jibu kabla kivuko hakijafika. Nimekamata makosa ya watu wengi kwa swali hilo. Siku ile sikuuliza, kwa kuwa jibu la mashine lilinipendeza.

Nilirudi jabalini mara mbili kabla jua halijazama, kila mara nikiwasha kifaa nione kama herufi ni ileile.

Jumatatu nilifika Ilemela kabla ya mhandisi. Alinikuta mlangoni na boksi mikononi.

"Shikamoo, mzee. Umeshakifunga?"

"Marahaba. Sijakifunga."

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Katikati ndege ikaruka, tukangoja, nikiwa na nusu ya sentensi mdomoni. Kisha nikamalizia.

"Herufi moja?" akauliza.

"Moja, mara kumi na mbili."

"Mzee, unaelewa unachoniambia?"

"Naelewa."

Alikitazama kifaa kwa muda mrefu, kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia. "Ungekifunga tu," alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa ananilaumu. Nadhani kwa dakika ile hata yeye angependa ningekifunga.

Niliomba nirudishiwe ripoti yangu. Sikuichana. Niliandika juu yake "Si sahihi", nikasaini, nikaiweka kwenye daftari la nne, ambamo imo mpaka leo. Mchana ule niliandika nyingine.

Kikubwa kikanunuliwa. Kiangazi kile chote kazi yangu ilikuwa kuhamishia madaftari ndani yake. Tulizunguka mimi na Profesa kijiji hadi kijiji, nikibonyeza kila mahali pa maana. Ugumu ulikuwa majina. Daftarini nilikuwa na mstari mzima: hapa usipite baada ya mvua, zunguka kwa kanisa, rudi barabarani penye visiki viwili. Kifaa kilinipa herufi sita. Mstari ule ukawa USIPIT. Mwingine ukawa ZUNGUK. Kila jioni nilikuta kazi imesonga na mimi nimepungua, na usingizini nilihesabu vituo vilivyobaki. Nilijaribu kwenda polepole, nikashindwa. Mikono yangu haijui kufanya kazi hivyo.

"Mwalimu," Profesa aliniambia siku moja tukiwa tumepumzika kando ya mtambo, "unamnyoa mtu kwa wembe, na mtu mwenyewe ni wewe."

"Endelea kula, Profesa."

"Nakula. Lakini nani atanitukana njiani?"

Mvua za vuli zilipoanza, mkataba wangu ulifika mwisho, nao haukuandikwa mwingine. Mhandisi aliniandikia barua nzuri ya kunitambulisha, akanisindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine. Nilipata kazi ya ghala kwa mnunuzi wa dengu. Ilikuwa kazi ya kukaa mahali pamoja. Miezi ya kwanza nilisimama kila mara kutazama barabarani.

Mwaka uliofuata nilikuwa ndani ya basi la Sengerema, tukingoja kivuko Kigongo. Nilishuka kunyoosha miguu, nikaiona pikapu yetu kwenye foleni. Pale nilipokuwa nakaa mimi palikuwa na tenga la nyanya.

"Mwalimu!" Profesa alitoa kichwa chote nje. "Njoo uone mwanao."

Kifaa kilikuwa kimefungwa kwenye dashibodi kwa mpira wa baiskeli.

"Kimewahi kukupoteza?"

"Hata siku moja. Kwenye USIPIT sipiti, kwenye ZUNGUK nazunguka. Ila kuna kimoja kinanitesa." Akabonyeza. "Hiki hapa. Kila nikirudi Mwanza kinaniambia NYUMBA, kilomita kadhaa. Nikadhani umeniandikia kwangu, lakini kwangu ni Igoma. Ni kisima gani hiki?"

"Ni kwangu. Mkolani, juu ya jabali. Nilisahau kukifuta. Ngoja nikufutie, ni vitufe vitatu."

Nilinyoosha mkono. Yeye akausukuma kwa kiwiko.

"Kiache. Hakili chakula."

Kivuko kilikuwa kimeshagonga gati na magari yakaanza kuwashwa. Niliinama dirishani nikakisoma kioo. Nilitazama herufi kwanza, kabla ya namba. Ilikuwa S. Mshale ulikuwa umetazama nyuma yetu, kuelekea Mkolani. Kondakta wa basi langu akapiga kelele abiria warudi, nikarudi.