Kizarma cha Fundi wa Muhima

Jana sokoni Kimironko fundi mmoja alipitisha pasi ya makaa juu ya kitambaa kilicholowa, na harufu ile ikanirudisha kwenye kibaraza chetu cha Muhima.

Baba alikuwa amempangisha pale fundi cherehani kutoka Nijeri. Mjini kote hakuwa na mtu wa kusema naye Kizarma, lugha ya kwao, basi akaamua kunifundisha mimi. Katika lugha yao, alisema, kabla ya kutaja jambo kwanza unataka kujua kama limekwisha. Alinionyesha kanzu iliyokwisha kushonwa: “Ay koy, nimekwenda.” Akagusa kitambaa kilichokuwa chini ya sindano: “Ay go ga koy, niko njiani.” Kisha kile ambacho hakijakatwa: “Ay ga koy, nitakwenda.” Nilipomjibu bila kukosea, alifumba macho kama mtu anayeonja chakula cha mama yake.

Siku moja kabla ya Idi, wanawake waliosubiri nguo zao waliniambia, “Ebu sema kama huyu mzee wako, tusikie.” Nikapanua mikono, nikatembea kama bata: “Ga, ga, go ga, ga.” Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi naye alitabasamu, akaendelea kukanyaga cherehani.

Baada ya sikukuu nilimsalimia kwa Kizarma. Akanijibu kwa Kiswahili, “Mwanangu, leo kazi iko nyingi.” Ikawa hivyo kila siku. Nilijua kosa langu, lakini nikaona haya kumwomba radhi.

Wiki kadhaa baadaye nilimkuta akisema peke yake kwa lugha yake, akijiuliza na kujijibu. Aliponiona, akanyamaza.