Hitima ya Masomo Sita

Nina ugonjwa wa kunyoosha mambo. Nikiona picha imepinda ukutani kwa watu, mkono unakwenda wenyewe. Mtu akisimulia kisa akakosea siku, nitamkatiza. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba siku nikiingia peponi, kama nitaingia, nitaanza kwa kumwambia malaika kuwa orodha yake haikupangwa vizuri. Kwa miaka mingi nilidhani ananisifu.

Ugonjwa huo ndio ulionipatia kazi. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija, nikasomea huko mambo ya hati za mizigo, na nilipohamia Moroni, kisiwani Ngazija, kwa watu wa baba yangu nikawa nafundisha makarani wa meli. Moroni meli kubwa hazifungi gati. Zinatia nanga mbali, mzigo unaletwa pwani kwa matishari, na karatasi moja ikipotea njiani basi shehena nzima inakaa ghalani haina mwenyewe. Mtu anayeshikwa na hasira kwa karatasi iliyokosewa hakosi kibarua mahali kama pale.

Ndipo kampuni moja ya uwakala wa meli, yenye ofisi kuu Moroni na tawi Mutsamudu, kisiwani Nzwani, ilipoamua kuwafundisha makarani wake kwa mtandao. Ilijiunga na jukwaa la mafunzo la ng'ambo, kampuni inayouza masomo ya kompyuta kwa makampuni mengine, na jukwaa likanitafuta mimi nitengeneze kozi. Mkataba ulikuja kwa Kifaransa, kurasa nyingi. Nilisahihisha makosa mawili ya herufi nikatia saini. Kilichoandikwa katikati nilikisoma harakaharaka: kwamba kozi nikishaikabidhi si yangu tena. Siwezi kubadili swali, siwezi kumwongezea mwanafunzi siku, siwezi hata kuifuta. Nilichoachiwa ni ruhusa ya kuingia kutazama wanafunzi wanavyokwenda, na wajibu wa kuripoti kila wiki.

Nilirekodi sauti yangu Itsandra, nje kidogo ya Moroni, katika nyumba ya shangazi, godoro limeegeshwa dirishani kuzuia makelele ya barabara. Masomo yalikuwa sita, kila moja na picha zake, maelezo yangu, na maswali ya kuchagua jibu. Nilifurahi sana nilipomaliza. Jukwaa lilitaka mambo yaende wima, hatua kwa hatua, na mimi nikaona hatimaye nimepata watu wa kabila langu.

Makubaliano yalikuwa kwamba kila mwezi nitapanda ndege kwenda Mutsamudu kukaa siku tatu na makarani wa tawi, kuwafafanulia. Sikwenda hata mara moja. Nzwani ilikuwa imejitenga na serikali ya Moroni, wakubwa wa kule na wa kwetu hawazungumzi ila kwa vitisho redioni, na usafiri kati ya visiwa ukapigwa marufuku. Watu wa Moroni waliokuwa na jamaa Mutsamudu wakawa wanaulizana habari sokoni kama vile wenzao wamehamia dunia nyingine, na ni mwendo wa nusu saa kwa ndege.

Kwa hiyo makarani wa tawi, sita kwa jumla, niliwafahamu kwa simu tu, na hasa mmoja, karani wao mkuu, mama wa miaka hamsini hivi. Utotoni aliishi Mombasa, baba yake akifanya biashara huko, na Kiswahili chake kilikuwa hakijapata kutu. Lugha ya Ngazija na ya Nzwani zinafanana kama ndugu wasiopatana, hivyo sisi wawili tulizungumza Kiswahili, tukacheka. Mimi aliniita fundi, maana kule mwalimu ndiye fundi, na mimi nilimwita dada. Alikuwa akimjengea binti yake nyumba juu ya paa la nyumba yake mwenyewe. Kwao, kama kwetu, msichana haolewi mpaka awe na nyumba ya kumkaribishia mume. Mshahara wa tawi ndio uliokuwa ukipandisha kuta.

Kisha ofisi kuu ikatoa waraka. Kwa sababu ya hali ya nchi, ulisema, tawi la Mutsamudu litapunguzwa, na atakayebaki kazini ni yule atakayekuwa na cheti cha kozi kufikia mwisho wa mwezi. Waraka huo niliusomea Moroni nikiwa na umeme na mtandao. Kule umeme ulikuwa ukija mchana kwa muda wa saa mbili tu, mtandao ukija na kwenda, na ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja inayofanya kazi. Nilimpigia dada, akaniambia nisiwe na wasiwasi, wamejipanga.

Wiki iliyofuata niliingia kutazama. Wote sita walikuwa wamemaliza masomo yote sita. Moyo ulinipaa kwa furaha, labda kwa dakika mbili, halafu ule ugonjwa wangu ukaamka. Somo la tatu lilikuwa limefanywa na majina yote sita mfululizo, mmoja baada ya mwingine, kwenye mashine ileile, na wote sita walikosa swali la nne kwa jibu lilelile. Somo la tano nalo hivyohivyo, kosa jingine, lakini moja kwa wote. Hapakuwa na haja ya kuwa mpelelezi.

Nikapiga simu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia akikana, na akikana ningekuwa na la kusema. Hakukana. Alinijibu kama mtu anayemweleza mgeni njia ya msikitini.

"Fundi, wewe hujahudhuria hitima? Mtu mmoja hasomi msahafu mzima. Watu wanagawana juzuu, kila mmoja anasoma yake, na ikiisha imekhitimu kwa wote. Sisi tuko sita na masomo ni sita. Umeme ni saa mbili. Ungefanyaje wewe?"

Kwa hiyo kila mtu alipewa somo lake. Aliyepewa la tatu alikaa na la tatu, akalisikiliza mpaka akalielewa, kisha akajibu maswali yake mara sita, kwa majina ya wote. Hawakuona kuwa ni wizi. Maneno ya siri ya kuingilia yalibandikwa ukutani pamoja na zamu za ufagio.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba thawabu inagawanyika lakini elimu haigawanyiki, na nilijipenda nilipoisema ile sentensi. Akaniambia kwa upole kuwa elimu wanayo. Yeye ameandika hati za meli tangu mimi nikiwa shule, na meli za Mutsamudu zinafunga gati, si kama zetu. Kilichokosekana ni cheti. Mwisho akaniomba jambo hili libaki kati yetu. Nikamjibu inshallah.

Kila Mswahili anajua jinsi neno hilo linavyoweza kubeba ndiyo na hapana kwa pamoja. Yeye alisikia ndiyo. Mimi nilipolitamka sikuwa najua nasema nini.

Siku mbili nilijaribu kuliacha. Naapa nilijaribu. Nilipika, nilifua, nilikwenda kumtazama mgonjwa Itsandra. Siku ya tatu ikawa siku ya ripoti, na kwenye ripoti kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama kuna jambo lolote lisilo la kawaida, ukijibu hapana unathibitisha kwa jina lako. Nilikaa mbele ya kisanduku kile asubuhi nzima. Ningeweza kugusa hapana. Kidole kimoja tu.

Badala yake niliandika barua. Nilijidanganya kwamba siwachongei, nawatetea. Nilimweleza msimamizi wa jukwaa, mtu ambaye sijawahi kumwona, hitima ni nini, juzuu ni nini, saa mbili za umeme ni nini, na kwamba watu hawa hawakukusudia udanganyifu bali walisoma kwa jamaa kama walivyolelewa. Nikapendekeza wapewe mtihani mmoja wa pamoja, kwa simu, mimi niwaulize. Barua ilikuwa nzuri. Niliisoma mara tatu nikaondoa mkato mmoja. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia, nami nilikuwa nayajua maneno hayo tangu utotoni kama ninavyolijua jina langu.

Jibu lilifika kabla ya adhuhuri. Alinishukuru kwa uaminifu wangu. Matokeo yote ya tawi la Mutsamudu yamefutwa kwa mujibu wa kanuni, na wanafunzi wanaweza kurudia, kila mmoja peke yake, ndani ya muda uliobaki. Ulikuwa umebaki muda wa siku tisa. Kuhusu hitima hakuandika neno.

Nikaanza kukimbia huku na huku. Nilimwandikia msimamizi nikiomba siku ziongezwe, akajibu kuwa tarehe hupangwa na mteja. Nikaenda ofisi kuu, nikamngoja meneja mpaka akatoka kuswali, akaniambia hawezi kuingilia mambo ya jukwaa, mfumo ndio unaoamua. Nikarudi kwa msimamizi. Kwa mara ya kwanza nikauona ule mkataba wangu sawasawa: nilikuwa mwalimu wa watu ambao siwezi kuwafundisha, katika kozi ambayo siwezi kuigusa, na kitu pekee nilichokuwa na uwezo nacho, yaani kunyamaza, nilikuwa nimekwisha kukitupa.

Dada hakunilaumu kwa lolote, wala mimi sikumwambia kuwa nimeandika. Aliniambia tu kwamba kazi yao yote imefutika, na kwamba wanaanza upya. Nilikuwa nikiingia kila mchana kutazama. Nililiona jina lake likimaliza somo la kwanza, kesho yake la pili. Wenzake walikuwa nyuma, wakipokezana mashine moja kwa saa mbili zile, na sasa kila mmoja alitakiwa asikilize sauti yangu kwa utimilifu wake, maana nilikuwa nimeomba wakati wa kurekodi kwamba mtu asiruhusiwe kuruka maelezo. Hilo lilikuwa wazo langu. Siku ya sita dada aliingia somo la tatu akafika swali la saba, na hapo jina lake likasimama.

Nilingoja lisogee. Jioni tukasikia kwamba askari wa serikali ya Moroni wako njiani kwenda Nzwani, na kesho yake wakashuka. Simu za Mutsamudu hazikushika tena. Barabarani Moroni watu walishangilia, magari yakapiga honi, na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta nikitazama swali la saba. Mwezi ukaisha hivyo.

Makarani wote sita waliandikiwa barua za kuachishwa. Mambo yalipotulia kidogo, kampuni ikalifungua tawi kwa watu iliowatoa Moroni, na meneja akanionyesha orodha kwa furaha: hakuna mfanyakazi hata mmoja asiye na cheti. Akataka nimtengenezee kozi ya pili. Nilimkatalia, lakini nisijisifu. Ilinichukua wiki mbili kumkatalia.

Usafiri uliporudi nilikwenda Mutsamudu. Sikumwambia mtu ninakwenda kufanya nini, na mwenyewe nilikuwa sijui vizuri. Mji wa kale ule hauna njia ya gari. Unapanda vichochoro kwa miguu, kuta zinakugusa mabega huku na huku, na kila niliyemuuliza alinipeleka hatua chache akanikabidhi kwa mwingine. Dada alinipokea mlangoni amejifunga shiromani, ile leso kubwa nyekundu ya wanawake wa kule. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Akanishika mikono yote miwili, akaniita fundi wangu, na nikatamani ardhi inimeze.

Tulikula. Alinipakulia wali na kisamvu cha nazi, akanipa mimi kipande kikubwa cha samaki. Kuhusu nyumba ya juu aliniambia kuta zimesimama usawa wa kifua na mafundi wamekwenda kwa wengine. Watu wa mchumba wameomba kungoja, na yeye anajua maana ya kuomba kungoja. Bintiye alikuwa jikoni, mlango wazi, akiosha vyombo, hakugeuka.

Halafu akanisimulia yaliyowapata wale sita. Matokeo yalipofutwa, kila mmoja alimshuku mwenzake. Ulikuwa wakati wa kuchongeana, watu walikuwa wakichukuliwa kwa neno la jirani, na ikaonekana kuwa lazima mmoja wao amesema. Wawili waliosoma chuo kimoja cha Kurani tangu watoto wakaacha kusalimiana. Ndipo yeye akawakusanya sebuleni kwake, hapo nilipokaa, akawaambia hakuna aliyesema. Mashine imehesabu yenyewe. Mashine haina moyo wala haya, na haifai Waislamu wagombane kwa ajili yake. Wakamwamini. Wakasomeana Fatiha na kupeana mikono. Alisema tangu siku ile anapata usingizi.

Hapo mtu mwenye akili angekunywa chai yake akashukuru. Mimi nilimtazama, na moyoni mwangu kulikuwa na picha imepinda, na mkono ukaenda wenyewe. Nikamwambia haikuwa mashine. Nikamwambia niliandika mimi, na niliandika nini, na kwa nini, na nikamwomba radhi.

Maji kule jikoni yalinyamaza. Dada hakunyanyua sauti wala hakulia. Alikusanya makombo ya wali yaliyoanguka kwenye mkeka mbele yangu, moja moja, mpaka yakaisha.

"Sasa nitawaambia nini wale?" aliuliza. Kisha, kama mtu aliyechoka, akasema, "Ungeniachia mashine, fundi."