Simu Thelathini Kutoka Molo

Wewe, mtu akiandika upuuzi gazetini, utamjibu au utamziba mdomo?

Micah hakuwa amejiuliza hivyo. Alikuwa mwalimu kijana wa shule ya shamba huko Molo, mtu asiyejua kuketi; hata chai aliinywa akitembea. Mwaka huo wa 1958, gazeti dogo la Kiswahili la Nakuru lilichapa makala ya Mzee Hiram, karani mstaafu wa mtaa wa Bondeni mjini humo, iliyosema kwamba mtoto wa kibarua darasa la nne lamtosha. Akisoma zaidi atadharau jembe. Micah alilikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja tena.

"Tutampigia mhariri simu mpaka amfukuze," aliwaambia vibarua waliochuma maua ya pareto shambani hapo. "Watu thelathini, Jumamosi, mmoja baada ya mwingine."

Siku ilipofika, foleni ilizunguka posta. Kila mtu dakika tatu. Micah alisimama mlangoni, jasho likimtoka katika baridi ya Molo.

Kumbe hakuwajua watu wake. Kipkemei, kibarua wa kwanza, aliishika simu kwa mikono miwili. "Mhariri, hujambo? Nyumbani je? Mvua huko? Na ng'ombe? Oo, huna ng'ombe! Pole sana, ndugu yangu..." Dakika tatu zikaisha, laini ikakatika.

"Umemwambia?" Micah aliuliza.

"Mwalimu, ningeanzaje na ugomvi? Hata hatujajuana!"

Foleni ikaangua kicheko. Wa pili vivyo hivyo, wa kumi vivyo hivyo. Ndipo ikafika zamu ya Jepchumba, mchuma pareto, mama wa watoto watano. "Huyo mzee ameandika nini hasa?" alimuuliza mhariri. "Mimi sijui kusoma. Nisomee." Mhariri akasoma mpaka dakika zikaisha. Jepchumba akamgeukia Micah.

"Ulituambia afukuzwe, hukutusomea maneno yake. Nina la kumjibu. Sasa nitamjibia wapi?"

"Watu kama yule hawajibiwi, mama. Wananyamazishwa."

"Kama mwenye shamba anavyotunyamazisha sisi?"

Micah akaita anayefuata. Simu ya thelathini aliipiga mwenyewe, akadai mzee afukuzwe.

"Tangu saa sita laini yangu haijapumua," alisema Wanyoike, mhariri, kwa sauti iliyochoka. "Habari za soko sijapata, za reli sijapata, na mwenye gazeti amekuja juu. Haya, mwalimu, umeshinda. Mzee haandiki tena."

Alikuwa ameshinda, lakini miguu ilikataa kutulia. Alitembea hadi kwenye reli, akarudi, akaenda tena.

Asubuhi yake, watu wakitoka kanisani, Mzee Hiram alikuwa amesimama langoni, koti linanuka moshi wa treni ya kutoka Nakuru, makala mkononi. Aliisoma yote kwa sauti, ili wale waliompigia mhariri simu waisikie. Wakamzomea. Jepchumba akapenya mbele.

"Mzee, jembe nimelishika tangu utoto, silidharau. Lakini mnyapara akiniletea karatasi niweke kidole gumba, sijui inasema nini. Wewe karani, aliyekusomesha alikuharibu?"

Watu wakacheka. Hata mzee alitabasamu, akafungua mdomo ajibu. Askari wawili wakatokea.

"Mkutano huu una kibali? Tawanyikeni!"

Watu wakatawanyika, Micah wa kwanza kurudi nyuma. Jepchumba hakusogea.

"Ngoja, afande, sijamaliza naye."

"Wala mimi," akasema Hiram.

Micah akawaona wakiongozwa wote wawili kuelekea kituo cha polisi, askari mmoja mbele, mmoja nyuma, bado wakibishana.